Mpini wa Droo ya Cherehani

Katika kuuza vifaa vya mitumba nimejifunza kumtazama mtu mikono kabla ya uso. Uso unafundishika, mkono haujui kuficha. Aliyeokota nyundo huileta kwangu ameishika kama kabebeshwa mtoto wa jirani, anataka aitue aende zake. Lakini mwenye nyundo yake huiweka mezani taratibu, anaondoa mkono, na kidole kimoja kinabaki pale pale juu ya mpini. Hapo ndipo ninaposhusha bei. Mtu ambaye kidole kimebaki ana shida kubwa kuliko hasira, hatabishana sana.

Nayasema haya mapema usije ukanidhania mtu wa huruma. Nilianza na koleo mbili zenye kutu juu ya gunia, leo nina banda lenye mlango na kufuli, na njia yote hiyo hakuna aliyenibeba. Hadithi za kutoa machozi siziwezi. Hii naisimulia kwa kuwa nilikuwemo, na kwa kuwa katika biashara ile kila mtu alipata faida isipokuwa mimi.

Habari yenyewe ni ya dada yangu mkubwa, fundi cherehani. Mtaani wanamwita Mama Pindo, kwa sababu nguo za watoto anazishona na pindo nene la kufumuliwa hata mara tatu mtoto akirefuka. Mzazi akilalamika kwamba gauni limekuwa zito chini, anamjibu, "Umelipia gauni moja, unaondoka na matatu. Tatizo lako nini?" Maneno matamu hana. Akikupenda anakufumulia nguo inayokubana bila kuombwa, tena mbele za watu, huku akikutukana.

Mumewe, shemeji yangu, ni fundi umeme. Nyumbani kwao hawaitani mume wangu wala mke wangu. Ni fundi huku, fundi kule, na mgeni akipiga hodi akamwulizia fundi, wanaitikia wote wawili. Kwa kazi yake shemeji alikuwa na kisu kimoja cha kukunja tangu hajaoa, cha kuchunia waya. Bapa lilinolewa mpaka likawa jembamba kama jani. Mpini wa plastiki ulipopasuka aliuzungushia utepe mweusi wa umeme, na utepe ulipochakaa akazungushia mwingine juu yake. Na kila suruali yake, dada alishonea mfuko mwembamba kwenye paja la kulia. Mfuko wa kisu tu; hata kalamu ilikuwa inasongwa humo.

Mwaka jana kiharusi kikampiga. Mguu ukarudi. Ulimi ukarudi, bahati mbaya kwangu, maana anatania kuliko zamani. Mkono wa kulia ukaishia njiani. Vidole vikawa vimejikunja nusu, kama mtu aliyeshika glasi isiyokuwepo, havifungi zaidi ya hapo wala havifunguki vizuri. Dada aliendelea kumwita fundi. Yeye aliacha kuitikia. Akiitwa "fundi," anajibu, "Fundi ni wewe."

Asubuhi moja akaja bandani, akaegemeza mkongojo kwenye meza yangu, akaelekeza kidevu kwenye redio ndogo iliyokuwa rafu ya juu.

"Shemeji, hiyo inashika stesheni ngapi?"

"Zote, isipokuwa ile unayoitaka."

"Kama wewe, basi. Wateja wote unawapata, isipokuwa wenye pesa." Akaingiza mkono wa kushoto mfuko wa kulia, kwa tabu, mwili mzima umejipinda kama anajikuna mgongo, akatoa kile kisu. Akakiweka mezani. "Nibadilishie."

Nilikitazama kisu, halafu nikafanya kosa la kutazama mkono wake. Si kidole kimoja kilichobaki. Ni vyote vitano.

"Utachunia nini waya?" nikamwuliza.

"Kisu kinataka mkono, shemeji. Redio inataka masikio tu, na masikio ninayo mawili."

Redio ilikuwa na thamani kuliko kisu, mara nne. Ningeweza kumdai koleo juu yake, au bisibisi zake nzuri. Nikaishusha rafuni, nikatia betri mpya, nikampa. Sikubishana hata neno, na kwangu hilo ni dalili ya ugonjwa.

Kesho yake dada akaingia bandani na futi ya kupimia ikiwa bado shingoni, maana yake ameacha kazi katikati.

"Lete kisu."

"Salamu hazipo siku hizi?"

"Nimefua suruali. Mfuko mtupu. Lete kisu, mdogo wangu, kabla sijakuaibisha."

"Kile ni mali yangu. Nimetoa redio nzima."

Akakaa kwenye kopo la rangi, bila kulipangusa, yeye asiyeweza kukaa hata kwenye kiti safi kabla ya kukipiga kwa kitambaa. "Unajua anachofanya na redio yako? Anakaa. Mwezi uliopita alikuwa anakuja mezani kula. Jana kaniambia nimpelekee pale pale barazani. Leo ameuza kisu, kesho ataleta koleo, keshokutwa testa. Akishamaliza kukuletea vitu vyake, mle ndani nitabaki na nani? Na redio?"

"Lakini dada, mkono hausogei. Vidole havikifikii kisu. Chembamba mno."

"Nimeona. Sasa mimi mteja wangu akinenepa namkata mteja? Nafumua nguo. Nitamtengenezea mpini mwingine unaoufuata mkono ulivyo."

"Umewahi kutengeneza mpini?"

"Nimewahi kumshonea nguo mwenye nundu, akatoka amenyooka. Nataka drili, msumeno mdogo na gundi ngumu. Na usimwambie. Akijua atasema nisijisumbue, halafu mimi nitajisumbua na yeye atakuwa amekasirika."

Tukapatana. Yeye anachukua kisu na kuazima vifaa. Mimi napata aproni ya turubai yenye mifuko kumi na miwili. Nilianza na ishirini. Dada ndiye mtu pekee duniani ninayemwogopa katika kupatana bei, kwa sababu ndiye aliyenifundisha.

Kazi aliianza kwa vipimo, na vipimo vya mkono wa mtu asiyetaka kupimwa si jambo jepesi. Nilikuwepo nimepeleka drili. Shemeji alikuwa barazani, redio pajani. Dada akatoka na beseni la nguo na kipande cha sabuni ya mche alichokiloweka tangu alfajiri, laini kama unga uliokandwa.

"Nishikie hii, nisije nikaikanyaga," akamwambia, akakitia ndani ya ule mkono wa kulia. Halafu akaufunika mkono wa mumewe kwa mikono yake miwili, akaukandamiza, akatulia.

Redio ikasoma habari za mvua, ikamaliza.

"Fundi," shemeji akasema, "unanishikilia nini?"

"Nakushikilia wewe. Kuna sheria?"

"Mdogo wako anatuangalia."

"Atazoea."

Mimi nikajifanya nasoma maandishi kwenye boksi la drili. Nilipoinua macho bado alikuwa amemshika, na sabuni ilishapata alama zamani.

Akaenda kuianika chumbani, dirishani, kando ya cherehani. Ilipokauka ilikuwa na kila kitu: mabonde manne ya vidole upande mmoja, mlima wa kiganja upande wa pili, na shimo la dole gumba juu. Akaikata katikati kwa uzi uliovutwa, ikawa nusu mbili. Nikamwuliza mbao atapata wapi, nikiwa tayari kumtajia bei ya kipande changu kizuri cha mninga. Akachomoa droo ya cherehani yake. Droo ile ya mkono wa kulia, ambayo tangu niijue ndimo vinamokaa vifungo. Akavimwaga vifungo kwenye sufuria.

"Dada, cherehani bila droo imeshuka thamani hapo hapo."

"Kwani naiuza?"

"Ninayo mbao nyingine."

"Yako haijashikwa. Hii nimeishika miaka thelathini, imeshakunywa mafuta ya mikono yote yaliyokuwa ya kunywa. Haitamchoma kibanzi." Akaigonga kwa kifundo cha kidole, akaisikiliza. "Halafu anaijua. Alinirekebishia mwenyewe ilipokwama, mwaka tuliooana."

Basi. Kisu kikafumuliwa. Tulikibana mezani, nikatoboa vichwa vya zile pini tatu zinazoshika mpini, plastiki ikatoka na mafungu ya utepe mweusi, kikabaki chuma kitupu, mabamba mawili membamba na springi katikati yake. Kilikuwa kidogo sana kikiwa uchi. Dada akakigeuza-geuza kiganjani, akasema, "Kumbe ndiye wewe," kama anasalimiana na mtu.

Akachukua chaki yake, akachora vipande viwili vya mbao kwa kufuata sabuni, cha kulia na cha kushoto, na kila kimoja akakiandika upande wa ndani, kama anavyoandika mikono ya shati. Akakata, akatia tupa, akachimba mabonde kwa patasi niliyomwazima nje ya mkataba. Kila nilipompigia kelele kwamba anaacha mbao nene mno, alinijibu kwamba ya kupunguza ipo, ya kuongeza haipo. Shemeji akasikia kelele ya drili kupita redio, akauliza kwa sauti, "Fundi, unashona bati?" Dada akamjibu, "Nashona mlango, usiingie!" Katika hekaheka hizo akavuta drili kwa nguvu, akang'oa waya wake kwenye shina. Drili yangu. Akasema atanilipa mfuko wa kumi na tatu kwenye aproni.

Vipande vikagandishwa kwa gundi, vikapigiliwa pini mpya za shaba, vikafungwa kwa vitambaa na kuachwa siku mbili. Baadaye mafuta ya cherehani, matone machache, akipaka kwa kidole. Mbao ikawa na rangi ya chai iliyokolea. Nimeshika visu vingi. Nilitamani kukiuza.

Jumapili saa nne asubuhi dada akampelekea kisu barazani. Hakukifunga kwa karatasi wala hakutoa hotuba. Akazima redio, akakiweka kwenye ule mkono wa kulia, akasema, "Jaribu."

Shemeji akakitazama, halafu akanitazama mimi, akaelewa kisu kilipitia kwangu kurudi kwa mkewe. Akajaribu. Tuliona wote watatu kwa wakati mmoja. Vidole havikuingia kwenye mabonde. Vilikaa juu ya ule mlima, vikateleza. Akakisogeza. Vikateleza tena. Akakaza taya, akakibana, kisu kikaanguka kwenye saruji.

Dada hakuinama. Alisimama na mikono imeshika futi shingoni.

"Nilishakwambia," shemeji akasema, taratibu, bila kumtazama. "Kile kilishakwenda. Ulikuwa na haja gani ya kwenda kukirudisha? Nilikuwa nimeshazoea, mwenzio. Siku sita, nilikuwa nimeshaanza kuzoea."

Mimi ni mtu wa kusema neno wakati watu wamekwama. Ndivyo biashara zinavyofungwa. Safari hii nikashika redio, nikakagua betri.

Shemeji akainama kukiokota anirudishie. "Haya shemeji, chukua mali yako," akasema, akakinyanyua kwa mkono wa kushoto. Na hapo akasimama katikati, amejikunja, kama mtu aliyesikia anaitwa.

Akanyooka polepole. Akafungua mkono wa kushoto, akaufunga. Akaufungua, akaufunga. Vidole vinne vilikuwa vimeingia kila kimoja kwenye bonde lake, na dole gumba limekaa kwenye shimo lake juu.

"Fundi," akasema. "Umekata kinyume."

Dada akampokonya, akakigeuza huku na huku, akaingia ndani mbio, akarudi na nusu za sabuni. Akaziweka sambamba na mpini. Kisha akajiziba mdomo.

"Nimechora upande wa ndani," akasema kutokea nyuma ya kiganja. "Yaani nimechora upande wa ndani kama kitambaa! Mkono wa shati unachora ndani, ukigeuza unakuja sawa…"

"Na mbao uliigeuza?" shemeji akamwuliza.

"Nitaigeuzaje mbao?"

"Miaka thelathini kwenye cherehani," shemeji akasema, "na umenishonea mpini ndani nje." Akakitwaa tena kisu, akaanza kucheka. Ilianza kama kikohozi, nikataka kumpa maji. Alicheka mpaka mkongojo ukaanguka. Pale nyumbani hapakuwa pamesikika kicheko hicho tangu kiharusi, na dada alimtazama jinsi anavyotazama nguo iliyokaa vizuri mwilini, kichwa upande, bila kusifu.

"Leta," dada akamwambia. "Upande wa pili wa droo upo. Ijumaa nitakupa wa kulia."

"Acha."

"Nitaacha nini, na nimeharibu?"

"Nimesema acha, fundi." Akauchukua mkono wake wa kulia kama kifaa, akaulaza pajani, vidole vimejikunja vile vile. Akapitisha bapa la kisu katikati ya vile vidole na kukivuta kwa kushoto. Vidole ambavyo havikuwa na nguvu ya kushika vilikuwa na ukaidi wa kutosha kuzuia. Vikawa ndoano. Bapa likafunguka, likalia *ka*, mlio niliousikia kwenye paa na ngazi za watu miaka yote. Akakisukuma kwenye ukingo wa kiti, kikafunga. Akafungua tena.

Baada ya mara ya nne akasema, "Mnene lakini."

"Nimeacha pindo," dada akasema.

"Pindo la nini kwenye kisu?"

Dada akaokota mkongojo, akauegemeza ukutani, akaupanga vizuri mahali ulipokuwa tayari umepangika. "Nilidhani mkono utarudi kidogo kidogo. Nikasema ukirudi, tutakuwa tunapunguza."

Shemeji alipitisha dole gumba juu ya mbao, kwenda na kurudi.

"Msasa uko wapi?" akauliza mwishoni.

Kwa hiyo mpini ule aliumaliza mwenyewe. Dada alipigilia karatasi ya msasa kwenye ubao, shemeji akawa anaulaza mkono wa kulia juu ya ubao usitembee, na kwa kushoto anasugua mpini, anajaribu, anasugua. Majuma matatu. Redio ilikaa kando ikapata vumbi la mbao mpaka kwenye spika. Alianza na mbao, akaendelea na vipande vya waya wa zamani, anachuna, anatupa, anachuna. Mwanzoni alikuwa anakata hadi shaba. Dada alikuwa anafagia vile vipande jioni bila kuhesabu vingapi vimeharibika, na kwa mtu anayehesabu hata pini zilizoanguka chini, hilo lilikuwa jambo kubwa.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe. Nilikuwa bandani nimevaa aproni yangu, mifuko kumi na mitatu, sijui hata ya kuweka nini. Shemeji akatokea anatembea, na mfuko wa plastiki umening'inia kwenye mkongojo.

"Nimekuletea maiti," akasema, akatoa drili yangu na waya wake uliong'oka. "Dada yako anasema marehemu alikuja akiwa mzima, akafia mikononi mwake."

"Iweke, nitatafuta fundi."

Neno likanitoka kabla sijalizuia. Akanitazama, akavuta kopo la rangi, akaketi.

"Toka kwenye mwanga," akaniambia.

Akaingiza mkono kwenye paja la kushoto. Nikaona mfuko. Mwembamba, mpya, umeshonwa kwa mshono mara mbili, na kwenye paja la kulia pamebaki alama ya mfuko wa zamani, kitambaa kina rangi kali kuliko suruali yote kwa sababu jua halikuwahi kukifikia. Akafungua kisu kwa ndoano yake. Akabana waya chini ya mkono wa kulia, akaanza.

Kazi ile zamani angeifanya amesimama, anaongea, anacheka na wapita njia. Safari hii chai yangu ilipoa, nikaagiza nyingine, nayo ikapoa. Mara mbili alichuna vibaya, akakata, akaanza upya. Jasho likamtiririka kidevuni. Mimi nilikaa juu ya mikono yangu, kwa maana halisi, nimeikalia, kwa sababu ilikuwa inataka kwenda kusaidia na niliijua tabia yake.

Mwuza vioo wa banda la pili akachungulia, mguu mmoja ndani. "Fundi," akasema, "ukimaliza hapo, kuna swichi yangu inatoa cheche."

Shemeji hakuinua kichwa. "Naam," akasema. "Izime kwanza, nakuja. Na usiiguse, sitaki kuitwa kwenye msiba wako."

Akakaza skrubu ya mwisho. Akanipa ishara nichomeke. Drili ikalia. Akaizima, akafunga kisu kwenye ukingo wa meza yangu, akakiweka chini ili ajipanguse jasho.

Biashara ni biashara. "Shemeji," nikasema, "kisu hicho nakupa redio kubwa. Ile ya spika mbili."

"Na ile ndogo?"

"Ile ndogo urudishe, tulibadilishana kwa kisu."

"Ile sirudishi. Dada yako anaisikiliza akishona, ameshaizoea."

"Basi kisu changu."

"Kisu si chako. Ulikibadilisha kwa aproni, na umeivaa." Akanyoosha mkono wa kushoto mezani, akangoja. "Shemeji."

"Nini?"

"Toa kidole."

Nikatazama chini. Kilikuwa kimebaki juu ya mpini.